Wakuu, nikague nini mbele ya gari kabla sijaipeleka alaimenti?

tairi_kipara:

Wakuu salama? Naombeni msaada kidogo. Gari yangu ni saluni ndogo, matairi ya mbele ndo yanayovuta, shokapu imevaa springi kama gari nyingi tu za siku hizi. Tatizo inavuta kushoto, sio sana, ila ukiachia usukani kwenye barabara iliyonyooka inaanza kuhama taratibu. Tairi la mbele kushoto linaliwa upande wa ndani, la kulia zima kabisa. Na usukani haukai katikati, ili gari iende sawa lazima niushike umeinama kidogo kulia.

Alaimenti, yaani kupanga pembe za matairi, nilishafanyiwa, ikatulia muda mfupi ikarudi kule kule. Fundi mwenyewe hata jeki hakupiga, kafunga vipimo vyake kwenye rimu, kakaza huku na huku, kanambia tayari bosi. Sasa kuna jamaa ananiambia kabla ya kurudia nikague miguu kwanza, yaani vyuma na jointi zinazoshikilia matairi, maana kama kuna kitu kimelegea nitakuwa namwaga hela tu. Nina jeki, stendi mbili, spana za kawaida na mtarimbo. Naanzia wapi? Na nitajuaje hii ni beringi, hii boli jointi, hii tai rodi, maana nasikia zote zikilegea tairi linacheza tu.

mzee_wa_overi:

Mkuu usijichoshe kulala chini ya gari. Tafuta sehemu wana mashine za kamera, ile inasoma kila kitu, ikiwa kuna ubovu itaonyesha yenyewe. Mashine haidanganyi.

spana19:

@mzee_wa_overi haidanganyi kweli ila inasoma gari ikiwa imesimama, hapo ndo pa kuangalia. Tuseme tai rodi endi, ile jointi ya mwisho wa rodi inayogeuza tairi, imelegea milimita mbili. Gari iko juu ya mashine, tairi limeegemea upande mmoja wa ule ulegevu, fundi anaweka too, yaani matairi yanavyoangalia ndani au nje, vizuri, rangi zote kijani, karatasi inatoka safi. Ukiingia barabarani ukikanyaga mafuta matairi ya mbele yanayovuta yanajivuta kuingia ndani, ukiachia mafuta au ukishika breki yanasukumwa kwenda nje, kwa hiyo kile kipimo ulicholipia hakipo tena hata hujafika nyumbani. Mashine inapima pembe, ulegevu haiupimi. Ulegevu unapimwa na mkono wako na jicho lako.

@tairi_kipara anza gari ikiwa chini, usikimbilie jeki. Pima upepo tairi zikiwa baridi, uweke ule ulioandikwa kwenye kibandiko cha mlango sio wa kukisia, maana presha ikipishana kushoto na kulia hiyo peke yake inatosha kuvuta gari. Angalia saizi zote nne ziwe moja na mbili za mbele zilingane kuisha. Toa mizigo kwenye buti kama sio ya kudumu. Halafu pitisha kiganja juu ya meno ya tairi kwa kukatisha, kutoka nje kwenda ndani kisha urudi. Ukiona kwenda ni laini kurudi kunakwaruza kama msumeno basi hiyo ni too. Likiwa limeliwa bega moja tu na ni laini pande zote, shuku kemba, yaani tairi kulala ndani au nje badala ya kusimama wima. Likiwa na mabonde mabonde ya kupishana, hapo ni shokapu zimechoka au balansi.

Kitu kingine wengi wanaruka, pima kimo. Futi kamba kutoka katikati ya rimu mpaka ukingo wa bodi juu ya tairi, kushoto na kulia, gari ikiwa sehemu tambarare. Upande mmoja ukiwa umeshuka kama sentimita moja au zaidi, springi imelala au imekatika, na springi ikilala kemba inahama nayo. Zipo springi zinakatika kipande cha mwisho kabisa kule chini kwenye kikombe chake, ukichungulia harakaharaka unaona nzima.

Baada ya hapo tafuta mtu akae kwenye usukani. Handibreki juu, gia huru, injini iwake kama pawa stelingi ni ya mafuta. Auchezeshe usukani kidogo tu, kushoto kulia kushoto kulia, haraka haraka bila kukata kona. Wewe chungulia na tochi, weka vidole juu ya kila jointi, nusu kidole juu ya endi nusu juu ya mkono inapoingilia. Nzima utasikia vyote viwili vinakwenda pamoja. Mbovu utasikia kimoja kinaanza halafu kingine kinafuata kwa kugonga. Hii kazi mkono unaiona kabla ya jicho. Hapo hapo angalia raki yenyewe, ile ndefu ya stelingi inayosukuma tai rodi, isiwe inatembea kwenye bushi zake za kufungia, na ile jointi ya shafti ya usukani. Angalia tu vidole visiende kati ya vitu vinavyobana.

Ndio upige jeki sasa. Weka vizuizi nyuma ya matairi ya nyuma, stendi chini ya chesisi, na usiweke kichwa wala mkono chini ya gari iliyobebwa na jeki peke yake, nimeshaona jeki ikilegea mafuta ghafla. Shika tairi mkono mmoja juu mmoja chini, tikisa. Likicheza mwambie mwenzio akanyage breki akaze, tikisa tena. Ulegevu ukipotea ni beringi, sababu breki imeunganisha diski na mguu wa chuma unaobeba beringi. Ukibaki vile vile sio beringi, ni boli jointi, kile kiungo cha duara kinachoshika mguu kule chini, au kitu kingine huko juu ya shokapu. Halafu zungusha tairi kwa mkono huku mkono mwingine umeshika springi, beringi iliyochoka utaisikia ikikoroma kwenye springi hata kama masikio hayasikii.

Kisha shika kushoto na kulia, tikisa. Hapo unatafuta tai rodi.

jembe_la_barabara:

Umeeleza vizuri mkuu. Niongezee kwenye boli jointi, jeki iweke chini ya loa amu, ule mkono wa chini unaoshika mguu, karibu kabisa na jointi, inyanyue mpaka tairi liache ardhi, ndo uingize mtarimbo chini ya tairi uinue. Hapo jointi mbovu haijifichi. Mimi nafanya hivyo kwenye kila gari.

dada_wa_gereji:

@jembe_la_barabara kaka kwa gari ya mleta mada hiyo itamdanganya. Inategemea springi imekaa wapi.

Springi ikikaa juu ya loa amu, yaani zile zenye mikono miwili juu na chini, uzito wa gari unapita kwenye boli jointi ya chini. Hapo uko sahihi, jeki chini ya loa amu ili springi ibanwe na jointi ipumzike, ulegevu utoke. Pikapu nyingi za tosheni baa, chuma kinachojinyonga badala ya springi, nazo ni hivyo hivyo. Springi ikikaa kwenye mkono wa juu inakuwa kinyume, jointi ya juu ndo imebeba, unanyanyua kwenye chesisi.

Ila gari ya shokapu iliyovaa springi, uzito unapanda kwenye ile mauntingi ya juu ndani ya boneti. Boli jointi ya chini kazi yake ni kushikilia tu mguu usikimbie, mzigo hajabeba. Ukiweka jeki chini ya loa amu unaisukuma jointi ndani ya kikombe chake, ulegevu unafichika, unasema nzima na kumbe imekwisha. Kwa hizi acha mguu uning'inie, stendi kwenye chesisi, halafu mtarimbo kati ya loa amu na ule mguu wa chuma unaobeba beringi, sukuma chini vuta juu, macho kwenye jointi. Usichome mpira wa vumbi kwa mtarimbo, ukipasuka hata kama jointi ilikuwa nzima mchanga utaingia na haitakaa muda mrefu.

Na sio kila jointi inatakiwa iwe na sifuri kabisa, kuna watengenezaji wanaruhusu ulegevu kidogo wa kupanda na kushuka na wameandika kiasi chake kwenye kitabu. Zingine zina alama ya kuisha pale kwenye nipo ya grisi, ile ya kupigia grisi, kile kitako kikizama ndani ya mfuniko imekwisha, na hizo unazisoma gari ikiwa chini sio kwenye jeki. Kwa hiyo usiondoe kila kinachotikisika.

Usisahau bushi za loa amu. Ile ya nyuma ndio inayokufa kwanza kwenye gari nyingi za aina hii. Mtarimbo taratibu, angalia raba kama imeachana na chuma. Nyufa nyembamba za juu juu usizihofie sana, raba ikizeeka inapasuka ngozi. Mpasuko unaofunguka ukisukuma, huo ndio. Zingine zina majimaji ndani, ukikuta kumevuja weusi wa mafuta chini ya bushi kavu ujue imepasuka.

tairi_kipara:

Aisee asanteni sana, nimekaa chini ya gari karibu siku nzima na mdogo wangu kwenye usukani. Majibu ndo haya.

Upepo niliupata umepishana, nimesawazisha, bado inavuta ila imepungua kidogo. Kimo kiko sawa pande zote. Juu na chini tairi zote mbili kimya, hakuna kinachocheza. Kushoto kulia, tairi la kulia kimya, la kushoto lina kaulegevu, nasikia tk tk. Nimeweka vidole kwenye endi ya nje haigongi. Ila nikiminya ule mpira wa raki wenye mikunjo kama akodioni upande wa kushoto nasikia kitu kinagonga mle ndani. Boli jointi nimesukuma na mtarimbo kama alivyosema dada, hakuna kitu. Bushi ya nyuma ya loa amu kushoto raba imeachana karibu nusu ya duara, nikisukuma mkono wote unarudi nyuma. Ya kulia ina nyufa tu.

Halafu kuna kitu kingine, nikikata usukani gari imesimama kuna mlio kwenye springi ya kulia, kama twang! Na usukani haurudi vizuri wenyewe upande huo.

Nibadilishe vyote au nianze na kipi?

spana19:

Hapo umefanya kazi safi. Hiyo tk tk ni raki endi, ile jointi ya ndani. Hakikisha tu kitu kimoja, mdogo wako aushike usukani usizunguke kabisa, wewe utikise tairi la kushoto huku ukiangalia la kulia. La kulia likitikisika nalo basi unageuza stelingi tu, sio ulegevu. La kulia likitulia na ile rodi ikawa inaingia na kutoka kwenye mpira wa raki, basi ni raki endi au ni bushi ya ndani ya raki yenyewe. Fungua klipu urudishe mpira nyuma uone kwa macho kinachocheza ni kile kidonge cha jointi au ni shafti nzima, maana ukinunua raki endi na ubovu ni wa raki utarudi hapa kutulaumu.

Sasa ona inavyoungana na dalili zako. Too ikiwa mbaya ila kila kitu kimekaza, kwa kawaida matairi mawili ya mbele yanagawana, maana ukinyoosha gari yanajigawia yenyewe, yangeliwa yote. La kwako limeliwa moja tu. Hiyo inanipeleka kwenye kemba ya upande huo au kitu kilicholegea upande huo huo, na wewe umekipata. Halafu ile bushi ikiruhusu loa amu irudi nyuma, boli jointi inarudi nyuma, kasta ya kushoto, yaani mguu unavyolala nyuma ukiutazama ubavuni, inapungua, na gari inavuta kwenda upande wenye kasta ndogo. Ndio kushoto kwako. Na ukishika breki naona kabisa inavuta zaidi, au nakosea?

tairi_kipara:

Hukosei, breki inavuta zaidi na inagonga mara moja, dup. Nilidhani ni breki pad.

dada_wa_gereji:

Kugonga mara moja ukishika breki na mara moja ukiachia ni bushi hiyo. Ila kwa kuwa inavuta, kabla hujanunua spea toka na gari kidogo bila kutumia breki sana, usimame, ulinganishe joto la rimu za mbele kwa kusogeza kiganja karibu, usishike diski. Kushoto ikiwa ya moto sana kuliko kulia, kalipa, ile inayobana pedi za breki, imeng'ang'ania, na hakuna alaimenti itakayotibu kalipa.

Jaribio lingine la bure, badilishana matairi ya mbele kushoto na kulia, kama sio yale ya mshale wa mwelekeo mmoja. Uvutaji ukihamia kulia, ni tairi lenyewe. Ukibaki kushoto, ni miguu.

Twang ya springi ya kulia ni beringi ya mauntingi ya shokapu, ile iliyo juu. Mwambie mdogo akate usukani taratibu wewe umeshika springi kwa nje bila kuingiza vidole kati ya mikunjo. Nzima springi inazunguka laini pamoja na tairi. Mbovu springi inajikunja kwanza halafu inaruka ghafla. Hii ni ya kubadilisha kabla ya alaimenti na wala sio baada, kwa sababu mbili. Kwanza usukani unaobana haurudi katikati, fundi akiufunga katikati unakuwa umefungwa kwenye uongo. Pili ukifungua shokapu pale chini kwenye bolti mbili kubwa, gari nyingi kemba inahama hapo, utalazimika kupima upya. Kama huna kibanio kizuri cha springi usiifungue mwenyewe, springi iliyobanwa ikichomoka inaua mtu.

jembe_la_barabara:

Nakubali la jeki, dada, kazi zangu nyingi ni pikapu ndo maana. Ila kwenye bushi na raki endi ngoja nimpe ya kwangu.

Bushi mpya ukiiweka, ile bolti inayopita katikati usiikaze mwisho gari ikiwa juu na mguu unaning'inia. Ishike tu kwa mkono, shusha gari kwenye matairi yake, itikise kidogo ikae kimo chake, ndo ukaze kwa nguvu iliyoandikwa. Bushi za raba hazizungukii kwenye bolti, zinajinyonga. Ukikaza mguu umening'inia, siku zote gari ikiwa barabarani raba inakuwa imenyongwa, inachanika mapema na gari inasimama juu kidogo kuliko kawaida. Nyingi zinazosemwa ni feki zilikazwa vibaya. Na badilisha pande zote mbili, ile ya kulia yenye nyufa itakufuata.

Raki endi: kabla hujafungua weka alama ya rangi kwenye nati ya kufungia endi ya nje, hesabu mizunguko wakati unaitoa, irudishe kwa mizunguko ile ile. Haitakuwa alaimenti ila utafika kwa fundi bila kumaliza tairi njiani. Mpira wa raki weka mpya na klipu mpya. Na zile nati za kufungia za pande zote mbili zipulizie mafuta ya kutu leo, kesho urudie, uhakikishe zinafunguka. Fundi wa alaimenti akikuta nati imeganda atarekebisha upande mmoja unaofunguka, too itasoma kijani na usukani utabaki umeinama. Nadhani hiyo ndio hadithi ya usukani wako.

mzee_wa_overi:

Sawa nimewaelewa, ila mashine bado itahitajika 😂

spana19:

Itahitajika tena sana. Na ukifika mkuu usimuachie gari uende kunywa chai. Mwombe apime zote nne, ya nyuma kwanza, sababu matairi ya nyuma yakiangalia pembeni gari inatembea kiubavu na wewe unanyoosha kwa usukani. Kisha usukani ufungwe katikati, ndo too ya mbele irekebishwe kushoto na kulia. Omba karatasi ya kabla na ya baada. Gari nyingi za aina yako kemba na kasta ya mbele haina sehemu ya kurekebisha toka kiwandani, kwa hiyo kama baada ya kubadilisha hivyo vyote kemba ya kushoto bado iko nje ya kiwango, usikubali kuambiwa ndo ilivyo. Mwambie asome na mwinamo wa ekseli ya usukani, yaani ule mstari ambao tairi linageukia, alinganishe pande mbili. Hapo ndo inaonekana kama ni shokapu imepinda, au mguu, au sabufremu, ile fremu ndogo ya chini inayoshika loa amu, imekaa upande. Sabufremu mara nyingine inahama tu mtu akishusha gia boksi akairudisha bila kuangalia alama, unalegeza bolti zake unaisogeza.

Kama gari ina kihisi cha pembe ya usukani kwa ajili ya mfumo wa kuzuia kuteleza, kiwekwe sifuri upya akimaliza, la sivyo taa itawaka.

bodi_chuma:

Samahani kuingilia, sisi wenye pikapu za zamani zenye stelingi boksi, hakuna raki, ukaguzi ni huo huo? Yangu usukani una nafasi kubwa kabla tairi halijageuka.

dada_wa_gereji:

Wa kuchezesha usukani gari ikiwa chini ni ule ule, ila jointi zako ni nyingi zaidi kwa hiyo fuata mnyororo kutoka juu: jointi ya shafti, boksi, pitimani amu (mkono unaotoka kwenye boksi), rodi ya katikati, aidla amu (mkono unaoshikilia rodi hiyo upande wa pili), kisha endi. Angalia ni wapi mwendo unapotelea, kinachotangulia kinasogea na kinachofuata kinachelewa. Aidla amu ishike kwa mkono uisukume juu na chini, ikipanda na kushuka kwa kuonekana ndio mla matairi wako, maana kila ukipita kwenye shimo too ya upande mmoja inabadilika. Bolti za boksi kwenye chesisi zikague na tochi, hapo chesisi huwa inapasuka. Ukiona nafasi yote iko ndani ya boksi lenyewe, lina skrubu ya kurekebisha juu, lakini kaza robo robo huku unajaribu kukata usukani mpaka mwisho pande zote, ukizidisha litabana katikati na gari haitanyooka yenyewe. Kama mbele ni ekseli moja nzima yenye kingi pini, ile pini ambayo tairi linageukia, juu na chini ya tairi ndo utaiona, na hapo hakikisha kwanza beringi imekazwa vizuri, breki ikanyagwe, ulegevu unaobaki ndio wa kingi pini. Yubolti za springi, zile bolti za umbo la U, pia, zikilegea ekseli inahama nzima nzima.